Pumzi ya Mtu kwa Mbali

Usiku wa tano baada ya mke wangu kujifungua, mwaka 1983, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya watoto njiti, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumepata mapacha, wasichana wote wawili, mimba ikiwa ya miezi saba. Kiganja changu kimoja kilitosha kumfunika mtoto kuanzia shingoni hadi kitovuni. Hatukuwa tumewapa majina, kwani kwetu jina hungoja siku ya saba. Mle wodini mlikuwa na watoto kumi na wanne na muuguzi mmoja.

Watu wengi hudhani kazi ya muuguzi wa njiti ni kutoa dawa na maziwa. Kazi yake kubwa, hasa usiku, ni kutazama vifua. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati husahau kupumua. Si lazima awe mgonjwa. Ni ile sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi ambayo haijakomaa. Hupumua vizuri, kisha hunyamaza. Kimya hicho kikifika sekunde 20 huhesabiwa kuwa ni cha hatari: midomo hubadilika rangi, moyo huanza kupiga polepole. Na tiba ya kwanza ni nyepesi mno hata mtu huona haya kuiita tiba. Unamgusa. Unampiga wayo kwa ncha ya kidole au unamsugua mgongo, naye hushtuka, hukumbuka, huendelea.

Kupitia kioo cha mlango nilimwona muuguzi yule, mama wa makamo, akienda kitanda kwa kitanda, akiinama, akitazama, akigusa. Kila mzunguko ulimchukua dakika kadhaa. Mmoja wa binti zangu alinyamaza wakati mama yule yuko upande wa pili wa chumba, akimnywesha mtoto wa watu kwa mrija. Alipofika, wayo haukusaidia kitu.

Nilimkaripia, tena kwa maneno ambayo mpaka leo yananirudia. Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Baba, mimi nina macho mawili."

Alfajiri ile ile alifanya jambo ambalo halikuwa katika taratibu za wodi. Alimtoa yule aliyebaki katika kitanda chake, akamvua, akampeleka kwa mama yake, akamfunga kwa kanga kifuani, ngozi kwa ngozi. "Hapa," akasema, "akinyamaza mama atamsikia kabla yangu." Mtoto yule sasa ni mama wa watoto watatu.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, na mwalimu wa fizikia akipatwa na msiba hutafuta mashine iliyokosekana. Mwaka 1991, katika maktaba ya chuo kimoja nilikokwenda kwa semina, nilikuta majalada ya zamani ya The Lancet, jarida la madaktari wa Uingereza. Nilikuwa nikipekua tu, mvua ikinyesha. Katika jalada la 1971 nikaona makala fupi ya Caro na Bloice, nikasoma kichwa chake mara mbili: chombo cha kugundua kukatika kwa pumzi bila kumgusa mtu, kwa kutumia rada.

Mwaka 1971, nami nilimzika mtoto mwaka 1983! Nilitoka nje nikasimama barazani mpaka mvua ikakatika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya habari za chombo hicho, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa udadisi. Nataka kueleza nilichokipata, kwa kuwa hasira ile ilikuwa imejengwa juu ya jambo nisilolielewa sawasawa.

Rada yenyewe ilizaliwa na vita, na katika kuzaliwa kwake mna kioja. Ni kweli kwamba Mjerumani Christian Hülsmeyer alikwisha kuonyesha mwaka 1904 jinsi mawimbi ya redio yanavyoweza kugundua meli, lakini hakuna aliyemnunulia. Mambo yalianza kwa nguvu Januari 1935, Waingereza walipokuwa wakiogopa ndege za mabomu za Wajerumani. Wizara yao ya ndege ilimwuliza Robert Watson-Watt, mtaalamu wa redio, kama inawezekana kutengeneza mwale wa mauti: mwale wa redio utakaomwua rubani angani. Watson-Watt alimpa msaidizi wake, Arnold Wilkins, hesabu ya kupiga. Hakumwambia ni ya nini. Alimtaka atafute nguvu ya redio inayohitajika kupasha moto painti 8 za maji, kutoka nyuzi 98 za Fahrenheit hadi 105, maji hayo yakiwa kilomita 5 mbali na kilomita 1 juu ya ardhi.

Painti 8 ni lita nne na nusu hivi. Nyuzi 98 ni joto la mwili. Wilkins hakuwa mjinga. Alitambua kwamba maji yale ni damu ya mtu mzima. Alipiga hesabu na kuona kwamba nguvu inayotakiwa ni kubwa kupita kiasi, jambo lisilowezekana. Basi Watson-Watt akauliza: kama hatuwezi kuwaua, tuwasaidie kwa lipi? Wilkins akakumbuka kwamba wahandisi wa posta walikuwa wakilalamika kwamba ndege ikipita, mawasiliano yao ya redio hutetemeka. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry, walitumia mawimbi ya kituo cha BBC, ndege aina ya Heyford ikarushwa, nao wakaiona mawimbi yake yakirudi. Mwaka 1940 minara iliyotokana na jaribio lile ndiyo iliyoilinda Uingereza.

Hata pwani yetu haikukosa. Huko Johannesburg, Basil Schonland na wenzake waliunda rada yao wenyewe mwishoni mwa 1939, na mwaka 1940 chombo chao kililetwa Kenya na kusimikwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuangalia ndege za Waitalia. Huwa napenda kuwaza wavuvi wa Mambrui wakiwatazama vijana wale wa Afrika Kusini wakizungusha vyuma ufukweni.

Ninachotaka msomaji akishike ni hiki: mtu wa kwanza kuingia katika hesabu ya rada aliingia kama lita nne na nusu za kuchemshwa. Ilichukua miaka mingi kabla mtu hajaingia tena katika hesabu hiyo kwa namna nyingine.

Kanuni inayotumika ni ile niliyokuwa nikiifundisha kidato cha nne kwa kutumia mabasi. Shule yetu ilikuwa kando ya barabara kuu. Basi likija huku limeminya honi, sauti huwa nyembamba. Likishapita, sauti hiyo hiyo huteremka na kuwa nene. Christian Doppler alilieleza jambo hilo mjini Prague mwaka 1842, na mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alilithibitisha kwa kuwapakia wapiga tarumbeta katika garimoshi. Wimbi la redio nalo hufanya hivyo. Likigonga kitu kinachokuja hurudi limebanwa kidogo. Likigonga kinachokwenda hurudi limelegea. Na kifua cha mtu, hata akilala fofofo, ni kitu kinachokuja na kwenda.

Lakini kwa kiasi gani? Mtu mzima aliyetulia, kifua chake hupanda na kushuka milimita chache, labda 4, labda 12. Cha mtoto ni kidogo zaidi, na mapigo ya moyo huitikisa ngozi kwa chini ya nusu ya milimita. Chukua rada ya mizunguko bilioni 10 kwa sekunde, ambayo wimbi lake moja lina urefu wa sentimita 3. Kifua kikisogea kwa mwendo wa sentimita 1 kwa sekunde, wimbi linalorudi hutofautiana na lililokwenda kwa chini ya mzunguko mmoja kwa sekunde. Chini ya mmoja katika bilioni kumi! Mara ya kwanza nilipopiga hesabu hiyo nilidhani nimekosea, nikaifuta, nikaanza upya.

Siri ni kwamba chombo hakijaribu kupima wimbi lote. Hulichanganya lile linalorudi na lile linalotoka, kisha husikiliza tofauti tu. Wape wanafunzi wawili filimbi zinazokaribia kulingana, wapulize pamoja: husikii filimbi mbili, unasikia sauti moja inayovimba na kunywea polepole. Kule kuvimba na kunywea ndiko kunakoandikwa na kalamu ya mashine, nako ni pumzi.

Sasa turudi kwa Caro. Colin Caro alikuwa daktari wa Imperial College, London, mtu aliyeshughulikia zaidi mwendo wa damu na hewa mwilini. Wakati huo hospitali zilizoweza zilikuwa na njia mbili za kumchunga njiti. Ya kwanza ilikuwa kumbandika vipande vya waya kifuani. Ya pili ilikuwa kumlaza juu ya godoro la hewa linalopiga king'ora mwendo ukisita. Waya ulikuwa na ubaya wake: ngozi ya mtoto wa miezi saba ni kama karatasi iliyolowa, ukibandua kitu unabandua na ngozi. Rada ilikuja kama jibu la tatu. Ingetazama tu.

Mwaka 1975, huko Marekani, James C. Lin alichapisha namna yake ya kupima pumzi kwa mawimbi mafupi bila kugusa, na kwa miaka kadhaa iliyofuata akaendelea na kukatika kwa pumzi na mapigo ya moyo. Kwa hiyo kulikuwa na watu wenye akili, chombo, na uhitaji. Mbona basi hata Ulaya, sembuse kwetu, wodi hazikujaa rada?

Swali hilo nilikaa nalo muda mrefu, na jibu lake ndilo lililonipunguzia hasira. Kwanza, chombo kile kilikuwa na uziwi wa ajabu. Rada ya aina ya kwanza, yenye sikio moja, huwa na mahali ambapo wimbi linalokwenda na linalorudi vinapatana vibaya, na hapo kusogea kidogo kwa kifua hakuonekani. Mahali hapo hujirudia kila robo ya urefu wa wimbi. Kwa wimbi la sentimita 3, ni kila milimita saba na nusu. Yaani mtoto anapumua, lakini kwa kuwa amejisogeza unene wa kidole, mashine inasema hapumui. Ilibidi kuweka masikio mawili, kila moja likisikia pale mwenziwe anapokuwa kiziwi. Pili, rada haijui anayesogea ni nani. Pazia likipeperuka, muuguzi akipita, feni ikizunguka, vyote ni mwendo. Kutenganisha pumzi na mambo hayo kulihitaji hesabu za kompyuta ambazo mwaka 1971 hazikuwa za kuwekwa kando ya kitanda.

La tatu ndilo lililonikalisha kitako. Rada haioni hewa, huona kifua. Kuna kukatika kwa pumzi kwa namna mbili. Katika namna moja ubongo hunyamaza na kifua hutulia. Hiyo rada itaiona. Katika namna ya pili koo huziba, na mtoto huhangaika kuvuta hewa isiyoingia. Kifua chake kinakwenda, tena pengine kwa nguvu. Kwa namna hiyo mashine inaweza kuendelea kuchora milima na mabonde yake huku mtoto anakata roho. Sikuwahi kuambiwa binti yangu alinyamaza kwa namna gani.

Zaidi ya hayo, miaka ile ulimwengu wa madaktari wa Marekani uliingia katika imani ya ving'ora ambayo iliishia pabaya. Mwaka 1972 daktari mmoja wa jimbo la New York, Alfred Steinschneider, aliandika juu ya watoto watano wa familia moja waliofariki wakiwa wadogo, akadai kukatika kwa pumzi usingizini ndiko kunakotangulia vifo vya ghafla. Watu waliamini. Mashine za kuchunga pumzi zikaingia majumbani kwa maelfu, wazazi wakaruka vitandani usiku kwa ving'ora vya uongo. Mwaka 1995 mahakama ilimtia hatiani mama wa watoto wale kwa kuwaua wote watano. Vifo vya ghafla vilikuja kupungua sana, lakini king'ora hakikuwa sababu yake. Vilipungua wazazi walipoambiwa wawalaze watoto chali. Kwa njiti nao, kilichosaidia zaidi kuliko vyombo vingi kilikuwa dawa tunayoinywa barazani: kafeini, ile iliyomo katika kahawa, ambayo majaribio yaliyochapishwa mwaka 1977 yalionyesha kwamba humkumbusha mtoto kupumua.

Basi nikaanza kuuliza swali jingine. Tuseme usiku ule, juu ya kila kitanda, kulikuwa na rada nzuri, isiyo kiziwi. Ingelia. Mama yule angeacha mrija mkononi mwa mtoto wa watu, angekimbia. Baada ya dakika tano ingelia ya kitanda cha tisa. Mashine ingempa macho kumi na manne, lakini mikono ingebaki miwili. Sisemi kwamba isingemwokoa binti yangu. Pengine ingemwokoa. Nasema kwamba nilipomkaripia yule mama, nilimkaripia kwa upungufu wa macho, na yeye alinijibu kwa heshima tu. Upungufu wenyewe ulikuwa wa watu, na mimi mwenyewe niliuona tangu jioni nikiwa pale kwenye benchi, nikanyamaza.

Kuna mahali ambapo rada ya pumzi ilifaa zaidi ya wodini, napo ni pale ambapo mkono hauwezi kufika kabisa. Katika miaka ya 1980 Kun-Mu Chen na wenzake wa Michigan State University walitengeneza chombo cha kuwatafuta askari waliolala chini uwanja wa vita, ili mganga asihatarishe roho yake kumfuata maiti. Katika makala yao ya 1986 walieleza jinsi kilivyotambua pumzi na moyo wa mtu aliyelala umbali wa mita 30 hivi, au aliye nyuma ya ukuta wa matofali. Baadaye wakageukia majengo yaliyoporomoka. Wimbi la sentimita 3 halipenyi kifusi kinene, kwa hiyo wakashuka hadi mizunguko milioni 1,150 na milioni 450 kwa sekunde, mawimbi marefu yanayopenya zaidi. Walikutana na tatizo ambalo kila nikilisoma hunigusa: chombo kilisikia pia mwili wa yule anayekiendesha. Aliyekuwa akitafuta pumzi ya mtu chini ya zege alikuwa akiiharibu kwa pumzi yake mwenyewe.

Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2000. Miaka miwili nyuma, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolengwa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliporomosha jengo la jirani, Ufundi House. Siku ile ile bomu jingine lililipuka Dar es Salaam. Wengi wetu wenye umri tunakumbuka tulivyokaa karibu na redio. Chini ya kifusi cha Nairobi alikuwamo mwanamke mmoja aliyekuwa akisemezana gizani na mwanamume aliyenaswa karibu naye. Mwanamume alitolewa akiwa hai. Waokoaji, wakiwamo waliotoka Israeli, walimtafuta yule mama kwa siku kadhaa, wakiomba kimya, wakitega masikio. Hawakumpata kwa wakati. Taifa zima la Kenya lilimlilia mtu ambaye wengi wao hawakupata kuiona sura yake.

Nilipolisoma jina la kijiji cha Chautara, nchini Nepal, nilimkumbuka yeye. Tetemeko kubwa la Nepal lilitokea tarehe 25 Aprili 2015. Siku chache baadaye waokoaji walifika Chautara na vyombo viwili vya majaribio vilivyoundwa na maabara ya NASA huko California pamoja na idara ya usalama wa ndani ya Marekani. Chombo chake kilikuwa kidogo kama sanduku la safari. Hutuma mawimbi yake katika kifusi, huondoa yale yanayorudi kutoka kwenye mawe yasiyosogea, kisha hutafuta katika mabaki kitu kinachokwenda na kurudi kwa mpango wa moyo na mapafu ya mtu, si wa mnyama. Katika majengo mawili yaliyoanguka kiligundua mapigo ya moyo, na wanaume wanne wakatolewa hai chini ya matofali, udongo na mbao, wengine mita tatu chini. Wanne tu, katika janga lililoua maelfu. Lakini mwanzo wa rada mtu alikuwa lita nne na nusu, na hapa ilikuwa miaka 80 baadaye, na rada ilikuwa ikiulizwa kama ndani ya mtu bado kuna uhai.

Huku kwetu majengo huanguka bila bomu wala tetemeko. Lile la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016, lilitoa kitoto kichanga kikiwa hai siku ya nne, na watu wengine wakatolewa baada ya siku sita. Lile la Kariakoo, Dar es Salaam, lilianguka tarehe 16 Novemba 2024. Yeyote aliyesimama mahali pa namna hiyo anajua kile kipindi ambapo msimamizi huinua mkono, mashine zote huzimwa, na umati mzima hunyamaza ili masikio ya watu wachache yasikilize.

Nisije nikaonekana nimekipamba mno chombo hiki. Kinachopenya kifusi hupenya pia ukuta wa nyumba. Mwaka 2015 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba polisi wa huko walikuwa wakitumia rada za mkononi zinazotambua, wakiwa nje, kama ndani ya nyumba kuna mtu anayepumua, na majaji walishtuka kwamba hawakuwa wameambiwa. Mtu aliyejifungia chumbani mwake hudhani pumzi yake ni siri yake.

Kitu hicho sasa kimeingia vyumbani kwa hiari. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa kioo cha mezani chenye rada ndogo ndani yake, ya wimbi la milimita 5, kinachowekwa kando ya kitanda na kuhesabu pumzi za aliyelala. Mkwe wangu alirudi na kifaa cha aina hiyo kutoka safarini. Nilipokwenda kuwatembelea Dar es Salaam mwaka juzi, nikiwa nimetoka kulazwa kwa nimonia, binti yangu, yule wa kifuani, alikiweka karibu na kitanda changu. Asubuhi kiliniambia kwamba nilipumua mara 16 kwa dakika na kwamba sikulala vizuri. Hilo la pili nilikuwa nalijua.

Nilimweleza habari zote hizi tukinywa chai: Daventry, Mambrui, Caro, Chautara. Nikamweleza pia, kwa mara ya kwanza, kuhusu neno la yule muuguzi, na kwamba nilirudi hospitalini mwaka 1992 kumwomba radhi nikaambiwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Nikamwambia kwamba nilikuja kusoma jinsi mwaka 1978, huko Bogotá, nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, kwa uhaba wa vitanda vya joto, alivyoanza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao, na kwamba sasa hospitali za dunia nzima hufanya hivyo. Mwaka 1983 mimi sikuwa nimesikia jambo hilo, na naamini mama yule naye hakuwa amelisikia. Alikuwa na kanga tu, na mama mwenye kifua. Binti yangu alisikiliza, akauliza kama yule pacha wake alipewa jina hatimaye. Nikamwambia hapana. Hakusema kitu.

Usiku ule niliamka saa nane. Kile kifaa kilikuwa mezani, kioo chake kimefifia. Mlango ukafunguliwa taratibu, nami nikabaki nimefumba macho. Binti yangu aliingia pekupeku, akasimama karibu na kitanda, hakukitazama kile kifaa. Akaleta mgongo wa mkono wake karibu na pua yangu na kuuacha hapo. Nikavuta pumzi kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, ili aende akalale.